Pikipiki ya Kikundi: Fuateni Njia ya Petroli

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Rusinga, waliokutana kwenye uwanja wa kanisa. Msemaji ni fundi wa pikipiki na injini za boti. Tumeyaandika jinsi alivyosema.

 

Nimeombwa niseme juu ya pikipiki ndogo na ugonjwa wake wa petroli. Nafikiri walioniita walitazamia nije na spana nianze kufungua. Spana ninazo, ziko hapa mfukoni, na pikipiki mnaiona pale chini ya mti. Lakini kabla ya spana nataka kuwapa kisa kimoja, kwa maana hicho ndicho kilichonifanya nikubali kuja.

Kuna kikundi, sitakitaja jina, kilinunua pikipiki ya cc 100. Pesa nyingine zilikuwa za mchango wao, nyingine mkopo. Wengi wao ni akina mama wa omena. Wakachagua kijana mmoja aiendeshe, apeleke magunia Mbita, abebe watu, na jioni alete hesabu. Miezi ya kwanza hesabu ilikuja vizuri. Halafu petroli ikaanza kuisha kabla ya wakati. Mafuta yaliyokuwa yakitosha asubuhi nzima sasa hayafiki saa nne. Mama mweka hazina akauliza. Kijana akasema, sijui. Akaulizwa tena mbele ya mkutano, akasema, sijui. Na ninyi mnajua mtu akisema sijui mara mbili mbele ya watu wanaodaiwa mkopo inakuwaje. Ikasemwa anaiuza pembeni.

Wakaniletea mimi pikipiki niikague. Nikapiga kiki, ikawaka. Nikaisikiliza, inanguruma vizuri. Nikawaambia, pikipiki hii haina neno. Sikuifungua. Sikuuliza inalala wapi wala nani anaifunga usiku. Neno langu ndilo lililommaliza yule kijana. Alitolewa.

Majuma mawili hivi baadaye dereva mpya naye petroli ikawa inamwishia vile vile. Hapo nikaona haya. Nikaenda mwenyewe alfajiri mahali inapolazwa, kibanda chenye sakafu ya mchanga. Nikashika mchanga ulio chini ya injini, nikanusa. Petroli tupu. Usiku kucha ilikuwa ikidondoka tone, tone, kupitia ule mpira mwembamba unaoning'inia chini ya kabureta, na mchanga unainywa. Kukicha hakuna alama. Nilipofungua nikakuta punje ya kutu, ndogo kuliko mbegu ya wimbi, imekaa mlangoni mwa petroli na kuuzuia usifunge.

Kikundi kilimrudishia kijana hisa zake, na mwenyekiti alikwenda kwao kuomba msamaha. Wazazi waliupokea. Mwenyewe alikuwa ameshakwenda Sori kutafuta kazi ya boti, na mpaka leo yuko huko.

Basi leo nataka kila kikundi chenye pikipiki kiwe na watu wawili, si dereva peke yake, wanaojua njia ya petroli. Mmoja wao awe mweka hazina. Ndiyo mama, wewe. Usicheke.

Njia yenyewe ni hii. Petroli inatoka kwenye mtungi, inaingia kwenye tangi. Chini ya tangi kuna koki. Kutoka kwa koki inashuka na mpira mwembamba hadi kwenye kabureta. Katika pikipiki hizi zetu haisukumwi na pampu, inashuka kwa uzito wake tu, kama maji ya tangi la juu ya nyumba. Ndani ya kabureta kuna kikombe, na ndani ya kikombe kuna boya. Wavuvi, boya mnalijua. Hili nalo linaelea. Kikombe kikijaa, boya linapanda na kusukuma sindano ifunge mlango. Petroli ikipungua, boya linashuka, sindano inaachia, inaingia nyingine. Kutoka kwa kikombe petroli inafyonzwa kupitia vijiti viwili vidogo vya shaba vyenye tundu katikati, tunaviita jeti. Inachanganyika na hewa iliyopita kwenye ea klina, ndipo inaingia kwenye injini, na plagi inaiwasha. Ni hayo tu. Hakuna uchawi.

Ugonjwa unaweza kukaa mahali popote katika njia hiyo. Lakini sisi mafundi tukisikia injini inakohoa tunarukia kabureta. Tunasema imekufa, leteni pesa ya nyingine. Kabureta haifi ovyo. Mara nyingi ni chafu tu, na ukinunua mpya ukaitilia petroli ile ile chafu, baada ya mwezi itakuwa kama ya kwanza. Kwa hiyo tuanze mwanzo wa njia, kwenye mtungi.

Hapa kwetu mtungi wa petroli una maisha mengi. Leo uko ndani ya boti, kesho umebeba maji ya ziwa, kesho kutwa umetiwa petroli ya pikipiki. Kila mara unabaki na kitu chini, maji kidogo, mchanga kidogo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama na kukaa chini ya tangi, mahali ambapo koki inanyonya. Injini haiwezi kuchoma maji. Itakohoa, itazima, utapiga kiki mpaka mguu uume.

Halafu kuna hili la oili. Injini nyingi za boti tunazotumia hapa ni zile zinazotaka oili ichanganywe ndani ya petroli. Nyingi zinataka oili sehemu moja kwa petroli sehemu 50, yaani lita moja ya oili kwa lita 50. Pikipiki kama Boxer na TVS hazitaki hiyo. Zina oili yao chini ndani ya injini, na petroli yao lazima iwe tupu. Ukimimina ya boti ndani ya pikipiki itatoa moshi, plagi itakuwa nyeusi na yenye mafuta, na siku moja itakataa kuwaka. Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Petroli tupu ukiitia kwenye injini ya boti inayotaka mchanganyiko, vyuma vyake vitasagana bila oili na injini itashika kabisa, pengine ukiwa katikati ya maji na upepo unavuma. Wazee watazikumbuka zile Yamaha za mapadre na maafisa wa kilimo, DT na AG 100. Hizo pia zilikuwa za oili na petroli, lakini zilikuwa na tangi lao la oili la pembeni, na pampu ndogo ikichanganya yenyewe. Aliyesahau kujaza oili alijuta. Mwenye moja iliyobaki nyumbani aangalie hilo tangi kwanza.

Kwa hiyo pakeni rangi. Mtungi wa boti mwekundu, wa pikipiki wa rangi nyingine, na usitumike kwa kitu kingine chochote hata siku ya arusi.

Petroli ya kuchanganywa na mafuta taa pia ipo. Zamani mafuta taa yalikuwa na bei ya chini sana, wauzaji wasio waaminifu wakawa wanayamwaga ndani ya petroli na dizeli. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuukomesha mchezo huo. Ulipungua, lakini petroli ya chupa ya kando ya barabara haina mtu wa kuipima. Mpime wenyewe. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uliweke kivulini, ungoje dakika chache. Petroli safi itaruka yote na karatasi itabaki kavu. Ikiwa na mafuta taa au oili itaacha doa la mafuta. Karatasi ya daftari inatosha.

Jambo la mwisho la mtungi ni umri. Petroli inachacha. Omena ikifungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, mizigo inapungua, na pikipiki nyingine zinasimama nyuma ya nyumba miezi mitatu, minne. Petroli iliyobaki ndani ya kikombe cha kabureta inakauka polepole na kuacha gundi ya rangi ya kahawia ndani ya jeti. Mwezi wa nane mnapiga kiki, haiwaki, mnasema imerogwa. Kama mnajua pikipiki itakaa, fungeni koki, kisha mfungue ile skrubu iliyo chini ya kikombe mtoe petroli yote. Dakika mbili.

Sasa tangi. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia. Petroli ikishuka lazima hewa iingie mahali pake, kama vile ukitoboa mkebe wa maziwa tundu moja tu maziwa hayatoki vizuri. Tundu hilo likizibwa na matope, pikipiki itakwenda kilomita moja au mbili vizuri kabisa, halafu itazima kama imekatwa. Ukingoja kidogo itawaka tena, iende, izime. Dawa ya kujua: ikizima, fungua kifuniko. Ukisikia fyuu, hewa ikiingia, umempata mwizi. Kuna watu wanaweka plastiki chini ya kifuniko ili mvua isiingie. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini mimi bado naitoa kwenye matangi. Toeni.

Koki ina nafasi tatu. Kufungua, kufunga, na akiba. Ndani ya tangi, bomba la kawaida limesimama juu kidogo. La akiba linanyonya chini kabisa. Ukikaa kwenye akiba siku zote unanyonya mahali ambapo maji na kutu vimelala. Na hapa nataka kusema na madereva wenyewe. Ninyi mnanunua nusu lita. Mnabeba mtu mmoja, mnanunua nusu lita nyingine. Najua sababu, pesa ya asubuhi ndiyo inayonunua ya mchana. Lakini tangi lililo tupu siku zote linashika unyevu ndani, unyevu unaleta kutu, kutu inashuka, na wewe uko kwenye akiba unaifyonza. Halafu kuna siku utaamshwa usiku kupeleka mama wa kujifungua Mbita, utazimikiwa njiani, utataka kugeuza koki kwenye akiba, na koki iko kwenye akiba tayari. Kikundi kikiweza, kimpe dereva petroli ya kuanzia, tangi lisishuke chini ya robo. Pesa hiyo haipotei, imelala ndani ya tangi.

Na usiku koki ifungwe. Kama ile pikipiki niliyowaambia ingefungwa koki kila jioni, petroli isingedondoka, hata sindano ikiwa na uchafu. Hakuna aliyejua kwamba koki inafungwa. Hata yule kijana hakujua, na mimi fundi wao sikuwa nimemwambia.

Mama mmoja anauliza tutajuaje kama tangi lina uchafu bila kulishusha. Vizuri. Chukua chupa ya kioo isiyo na rangi, safi na kavu. Funga koki, chomoa mpira upande wa kabureta, uuelekeze ndani ya chupa, halafu fungua koki. Kwanza tazama inavyotoka. Itoke mfululizo. Ikitoka tone moja moja, kuna kizuizi juu, yaani tundu la kifuniko, chujio la koki au mpira wenyewe. Funga koki, weka chupa mahali palipotulia, uitazame dhidi ya mwanga. Maji yatakaa chini kama shanga, yakitembea ukiinamisha chupa. Kutu itakuwa unga mwekundu. Ukiviona hivyo, usiguse kabureta bado. Shusha tangi, limwage, lisuuze na petroli kidogo mara mbili, tatu, mpaka itoke safi. Ukilisuuza na maji umejiongezea kazi.

Mpira pia uwe ule wa petroli. Nimekuta wa dripu ya hospitali. Unapendeza, unaona petroli ikipita, lakini baada ya muda unakuwa mgumu kama mfupa na kupasuka, hapo juu ya injini ya moto.

Tumefika kwenye kabureta. Tuanze na dalili, maana pikipiki inasema ugonjwa wake ukiwa na subira.

Kama inawaka kwa choki tu, na ukiachia mkono inazima, haiwezi kunguruma imesimama, basi jeti ndogo imeziba. Kama inanguruma vizuri imesimama lakini ukiikaza mlimani na mzigo inakosa nguvu, inarukaruka, inafia mkononi, tazama jeti kubwa, au petroli haishuki ya kutosha. Kama petroli inatoka kwa ule mpira wa chini, sindano haifungi, au boya limetoboka na kujaa. Kama plagi ukiitoa ni nyeusi ya masizi, petroli imezidi au hewa imepungua. Ikiwa nyeupe kabisa kama chokaa, petroli imepungua, na injini inapata moto kupita kiasi. Rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ndiyo tunayoitaka.

Ile ya petroli kudondoka, kabla ya kufungua, funga koki, chukua mpini wa bisibisi ugonge kikombe polepole mara mbili, tatu. Wakati mwingine punje inaachia yenyewe. Isipoachia, tutafungua. Na hapa kuna jambo moja la kushika. Petroli ikivuja ndani, badala ya kutoka nje inaweza kuingia kwenye injini na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Kikinuka petroli, au oili imepanda bila mtu kuiongeza, msiiwashe. Mwageni oili yote mtie mpya, baada ya kurekebisha sindano. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi kama maji, na injini itakwisha mkiwa mnaitazama.

Kufungua si kazi ngumu, lakini tafadhali mfanye mchana, nje, kwenye hewa, injini ikiwa imepoa, na mtandike kitambaa cheupe chini. Skrubu za jeti zikianguka kwenye mchanga wa hapa mtazitafuta mpaka Krismasi. Fungeni koki, mwageni kikombe kwa ile skrubu ya chini, toeni kabureta. Kikombe kimeshikwa na skrubu chache. Tumia bisibisi inayoenea sawasawa, la sivyo utazila vichwa. Ndani utaliona boya, na pini nyembamba inayolishika. Isukume pini polepole, boya litoke pamoja na sindano. Litikise boya sikioni. Ukisikia kitu kinacheza ndani, limetoboka, linunuliwe jingine. Angalia ncha ya sindano. Ikiwa na alama ya pete kuizunguka, imechoka. Sindano ni spea ndogo, haifanani bei na kabureta nzima, kwa hiyo asiwadanganye mtu.

Jeti zifunguliwe na kutazamwa dhidi ya mbingu. Tundu liwe duara na liwe wazi. Jeti ndogo tundu lake ni jembamba sana, mwenye macho mazuri ndiye atazame. Ipulize kwa pampu ya baiskeli. Iloweke kwenye petroli, isugue na mswaki wa zamani. Usitie waya, usitie pini, na fundi akija na kitu cha kutoboa mwambie aende zake. Shaba ni laini. Tundu likipanuka hata kidogo pikipiki itakunywa petroli maisha yake yote na hamtajua kwa nini. Kama gundi imekataa kutoka, kipande cha uzi wa nailoni wa ndoana kinafaa, ni laini kuliko shaba. Nimesema wa ndoana. Sikusema wa zile nyavu zilizokatazwa, sitaki kuitwa na watu wa BMU.

Kuna skrubu ndogo pembeni, inayopima mchanganyiko. Kabla ya kuitoa, ikaze polepole mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike. Ukirudisha, irudishe kwa hesabu ile ile. Mara nyingi ni mzunguko mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Asiyeandika anabaki akibahatisha.

Pikipiki nyingine za siku hizi hazina kabureta kabisa, petroli yake inapulizwa na kifaa cha umeme. Hizo msifungue. Hata hivyo mtungi, tangi na kifuniko ni vile vile.

Ea klina nisiipite. Kiangazi barabara za udongo ni vumbi, na vumbi likijaa kwenye klina hewa inapungua, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi, matumizi yanapanda. Hapo tena mtasema dereva ni mwizi. Ile ya karatasi igongwe na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje; ikichakaa inunuliwe. Ile ya sifongo ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Kuitoa na kuendesha bila klina, kama wengine wanavyofanya ili iwe na kelele ya kishujaa, ni kulisha injini mchanga.

Sasa sitawaacha bila kusema juu ya moto. Mvuke wa petroli hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu dirishani, unatambaa chini sakafuni, unafika kwenye jiko lililo chumba cha pili, na moto unarudi pale ulipo mtungi. Mtungi usilale ndani ya nyumba mnamolala watu. Najua mnaogopa wezi. Jengeni kijisanduku nje, kivulini, chenye kufuli na matundu ya hewa. Mkifungua kabureta asiwepo mvuta sigara wala koroboi. Mnakumbuka Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31, 2009. Lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Petroli ya kwenye chupa ni ile ile.

Na msiiweke kwenye chupa za soda. Mtoto hawezi kujua. Mtoto akinywa petroli msimtapishe. Nasema tena kwa akina mama, msimtapishe, wala msimlazimishe maziwa. Ikipanda tena inaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo inapoua. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa mwende nayo. Kwa sababu hiyo hiyo acheni kufyonza petroli kwa mdomo na mpira. Hata wewe kijana unayejiona hodari.

Nimebakiza daftari, na hili ni la mweka hazina. Kila petroli ikitiwa, andikeni tarehe, lita, na namba iliyo kwenye mita ya kilomita. Kama mita imekufa, itengenezwe, ni kebo tu mara nyingi. Pikipiki ya cc 100 ikiwa nzima, bila kuzidishiwa mzigo, inaweza kwenda kilomita 40 hadi 60 kwa lita moja. Ya kwenu itakuwa na namba yake. Baada ya mwezi mmoja mtaijua. Ikishuka ghafula, kwa mfano kutoka 45 hadi 25, msiite mkutano bado. Nuseni mchanga inapolala. Tazameni choki kama imekwama. Toeni klina. Toeni plagi muitazame rangi. Fungeni koki usiku tatu mfululizo, muandike. Vyote hivyo havigharimu hata shilingi, na ukivifanya vyote na petroli bado inaisha, hapo una haki ya kumuuliza dereva. Muulize mkiwa wawili watatu, si mbele ya kikundi kizima.

Ile daftari yao niliiona baadaye. Ilikuwa na pesa, lita hakuna. Kama zingeandikwa, ingeonekana kwamba petroli inapotea hata siku za Jumapili, pikipiki ikiwa imelala na kijana yuko kanisani mbele ya macho yenu.

Haya, twendeni pale chini ya mti. Pikipiki ile ni ya kikundi cha vijana, wanasema inazima mlimani. Nimewaambia wasiniambie zaidi. Mweka hazina ndiye atakayeshika bisibisi. Chupa ya kioo ninayo. Anayevuta sigara abaki huku na wazee.